Chokaa Haijazimwa

Vijana wa kikosi,

Mkuu wenu wa mafunzo ameniomba kurasa chache za kumbukumbu, "za kuwatia moyo," alivyosema, ziwekwe mwanzoni mwa kitabu chenu kipya. Akaniletea na rasimu ya kitabu chenyewe ili nione urefu unaofaa. Nimeisoma yote. Moyo wa kuwatia sina. Ninayo hasira, tena ya kutosha kikosi kizima na akiba juu, na nimekaa kuigawa.

Katikati ya rasimu hiyo mna kisa kilichopewa kichwa "Hatari ya Taarifa ya Uongo." Kinasimulia jinsi utingo mmoja wa lori alivyopiga simu kituoni akadai kuna moto ambao haukuwapo, na jinsi uongo wake ulivyomgharimu jicho. Chini yake mmewekewa zoezi: Mpigaji huyu alifanya makosa gani? Taja matatu.

Simu ile niliipokea mimi. Makosa nitayataja, na yatapita matatu, ila si yake.

Kwanza mnijue. Kituoni waliniita Profesa, na haikuwa sifa. Nilikuwa na shahada ya Kiswahili. Niliomba ualimu nikakosa, nikaomba utangazaji nikakosa, mwishowe nikaangukia kikosi hiki cha watu binafsi kilichokodiwa na mahoteli ya Diani, kazi yake kuzima moto na kuondoa kemikali zinazomwagika. Kwenye usaili niliulizwa kama ninaweza kumbeba mtu mzima mgongoni. Nikajibu kwamba nimewahi kubeba tasnifu. Hakuna aliyecheka, lakini walikuwa na upungufu wa watu.

Aliyenifundisha kazi ni Afande Riziki, kiongozi wa zamu, mwanamke mfupi wa Msambweni aliyeweza kuita gari lililoko Ukunda bila kutumia simu. Shuleni hakufika mbali. Babu yake alikuwa na tanuri la kuchomea matumbawe wapate chokaa ya kujengea, na yeye alilelewa kando ya tanuri hilo. Mambo ya moto, majivu na vitu viunguzavyo aliyajua kama mimi nilivyojua ngeli za nomino. Kumbukeni hilo tanuri. Na hizo ngeli.

Mwaka wangu wa kwanza tuliitwa kwenye hoteli moja. Mtungi wa tindikali ya bwawa la kuogelea ulikuwa umeanguka stoo ukapasuka. Afande akaniambia, "Profesa, kimbia ulete mchanga tuizingire isifike kwenye mtaro." Nikatazama huku na huku: bahari hiyo hapo, mchanga mweupe wa bure mpaka Galu. Nikajaza ndoo mbili nikarudi mbio huku nikijiona shujaa, wazungu wawili wakinipiga picha. Nikaumwaga.

Mchanga ule ulikuwa umetoka kulowa maji ya bahari, tena nusu yake ni makombe na matumbawe yaliyosagika. Ukikutana na tindikali hautulii. Ulitoa povu na kuvuma kama soda iliyotikiswa, mvuke ukatupanda mapuani, na mimi nikawa wa kwanza kutoka mlangoni, ndoo kichwani.

"Wee Profesa!" Afande aliniita kutoka ndani, akikohoa. "Nimekutuma mchanga au nimekutuma supu ya kome?"

Tangu siku hiyo kituo kiliweka pipa la mchanga wa mto, mkavu, uliochekechwa, wenye kifuniko. Lile pipa mnalolikalia mkichezea simu zenu ndilo hilo. Siku nikija nikakuta mtu amelikalia, tutazungumza.

Afande ndiye aliyenifundisha pia kuhusu tindikali kali na maji. Alisema tindikali ni mgeni na maji ni mwenyeji. Mgeni ndiye abishaye hodi, aingie polepole. Mwenyeji akimtokea mgeni barabarani na kumrukia, ni vita. Kwa hiyo tindikali hutiwa majini kidogo kidogo, maji hayatiwi kwenye tindikali. Nilisoma miaka minne chuo kikuu na hakuna mhadhara uliokaa kichwani mwangu kama huo.

Sasa niwaeleze chokaa, kwa sababu mnadhani mnaijua. Mnaijua iliyopakwa ukutani. Mnaijua ile ambayo bibi zenu walipaka kwenye jani la tambuu wakatafuna. Hiyo ni chokaa iliyozimwa. Jiwe la chokaa likishachomwa tanurini hutoka likiwa na kiu. Hilo ndilo watu wa tanuri huita chokaa mbichi, au chokaa haijazimwa. Kuizima ni kuipa maji, kwa utaratibu, ndani ya shimo, nawe umesimama mbali. Ikipewa maji kwa papara huchemka, hurusha uji wa moto, hupasua magunia. Hakuna mwali wala njiti ya kiberiti, lakini joto lake laweza kuwasha mbao za lori.

Kwa hiyo neno ni moja, na kazi ni mbili. Moto ukizimwa, umekufa. Chokaa ikizimwa, ndipo inapoamka. Mwenye shahada ya Kiswahili katika kikosi kile alikuwa mmoja, na ndiye pekee ambaye hakulijua hilo.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Niko zamu ya simu, kikombe cha chai mkononi. Simu ikalia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za pikipiki na watu wengi, na sauti ya mwanamume anayehema.

"Halo! Hiyo ni Zimamoto? Lori imeanguka hapa Mwabungo! Imebeba chokaa! Haijazimwa, mnasikia? Haijazimwa! Kujeni haraka!"

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipoharibika, kabla gari halijawashwa. Nilisikia "lori imeanguka," nikatabasamu. Nilisikia "kujeni," nikatabasamu zaidi. Sisi wa pwani tuna ugonjwa huu: mtu wa bara akifungua kinywa, hatumsikilizi anasema nini, tunasikiliza anakosea wapi. Nikaona huyu kila kitu kwake ni "i". Lori imeanguka, gari imelala, moto haijazimwa. Basi akilini mwangu nikamsahihishia.

Si akilini tu. Nilimwambia!

"Haujazimwa, ndugu yangu. Moto haujazimwa."

"Ee! Haijazimwa!"

"Haujazimwa," nikasema tena, kwa upole wa mwalimu, kisha nikakata simu. Chokaa nilikuwa nimeisikia, lakini chokaa kwangu ilikuwa ya kupaka ukuta. Nani aogope ukuta? Katika daftari la simu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Lori limeanguka Mwabungo. Mpigaji asema moto haujazimwa.* Sentensi safi, upatanisho wa kisarufi kamili. Ingepata alama zote.

Aliyepiga simu anaitwa Kyalo. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, utingo wa lori lililokodiwa na mkandarasi wa barabara kupeleka chokaa ya kushindilia udongo. Wapakiaji huko ilikotoka walimfundisha sentensi moja tu: "Hii haijazimwa, isiguswe na maji." Hawakumpa karatasi. Hawakuweka alama ya hatari kwenye lori. Magunia yaliandikwa CHOKAA, basi, kana kwamba ni unga wa chapati. Turubai la kufunikia lilikuwa na matundu ya kupita paka. Dereva alipovunjika mguu na wasamaria wakamkimbiza hospitali, Kyalo angeweza kwenda zake. Alibaki peke yake kulinda mzigo usisogelewe na watu, akapiga simu, akaikariri sentensi aliyofundishwa bila kupunguza hata herufi. Aliyeipunguza ni msomi.

Tulifika upesi, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Laiti gari lingegoma kuwaka kama ilivyokuwa desturi yake.

Lori lilikuwa limelala ubavu kando ya mtaro. Magunia yamepasuka, na kule chini, mtaroni kwenye maji ya mvua, wingu jeupe lilikuwa likipanda. Mimi nikaona moshi, na moshi ulithibitisha daftari langu. Sikujiuliza mbona haunuki. Moshi wa lori linaloungua una harufu ya mpira na mafuta, unakukamata koo ukiwa hatua mia. Huu haukuwa na harufu yoyote. Ulikuwa mvuke. Shikeni hilo, ni bora kuliko maswali yote ya kitabu chenu: pua kwanza, mpira wa maji baadaye.

Afande Riziki alikuwa bado anashuka upande wa pili wa gari. Mimi nilikuwa nimeshaukamata mpira. Umati ulikuwa umejaa, kila mmoja simu juu, anarekodi. Kutoka kwenye umati akachomoka mwanamume aliyejaa vumbi jeupe hadi nyusi, mikono hewani, akaja kusimama katikati yangu na lori.

"Wacha maji! Wacha! Haijazimwa! Si nimesema haijazimwa!"

"Ndiyo, tumekuja kuizima!" nikamjibu. "Ondoka hapo!"

Nikafungua maji.

Nilikuwa na helmeti yenye kioo cha uso. Yeye alikuwa na shati. Rundo lilinguruma, yeye akageuka kulitazama, likavimba, kisha likatema. Uji mweupe ulirushwa kila upande, na ulioelekea kwangu ulimkuta yeye kwanza.

Sitaeleza kelele aliyopiga. Nitaeleza nilichofanya mimi, kwa sababu ni kosa la pili, na nyinyi mtalirudia kama hamkuambiwa. Nilifunga maji mara moja. Kwa kishindo kimoja nilikuwa nimejifunza kwamba maji ni adui, na kwa kuwa mimi ni mwanafunzi mwepesi, nilishika somo hilo kwa nguvu zote. Kyalo alikuwa amepiga magoti, anayashika macho, anasema, "Maji, nipe maji," nami nimesimama na gari zima la maji nyuma yangu, simpi. Niliogopa kumchemsha.

Afande alinipiga kofi la kisogoni, juu ya helmeti.

"Unangoja nini wewe?"

"Afande, maji ndiyo yanayo..."

"Maji kwa mtu, mchanga kwa mzigo! Maji kwa mtu! Niletee, punguza nguvu!"

Akampangusa vumbi kavu la kichwani na mabegani kwa leso yake, haraka, likianguka mbali na uso. Akamvua shati. Kisha akamlaza kichwa pembeni, akamfunua kope kwa vidole vyake, akaamuru maji yapite jichoni polepole, yasikome. Mama mmoja wa pale njiani alikuja na ndimu kwenye sahani, akisema chokaa hukatwa kwa ndimu. Afande akamwambia, "Mama, Mungu akulipe, lakini hizo kapikie." Usitie ndimu, usitie siki, usitie dawa ya meno. Maji, mengi, muda mrefu, hadi hospitali na ndani ya gari pia. Unga mkavu ukiwa ngozini, pangusa kwanza, halafu maji bila huruma. Kwenye jicho usingoje lolote.

Nilingoja. Pengine ilikuwa dakika moja. Jicho la kulia lilipona. La kushoto, lililokuwa upande wa rundo, halikupona.

Huku maji yakimpitia usoni, Kyalo alikuwa akirudia maneno yale yale, sasa kwa sauti ndogo. "Nilisema haijazimwa. Nilisema kwa simu." Afande akainua kichwa.

"Chokaa haijazimwa," akasema polepole, kama mtu anayesikia jina la nyumbani kwao. "Chokaa mbichi. Profesa, huyu alikwambia nini kwenye simu?"

Nilikuwa ninalijua jibu. Lilikuwa limenishukia muda ule ule, pamoja na ngeli yake.

"Alisema moto," nikajibu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa baadaye, ofisini, penye viyoyozi na samosa. Alikuwapo meneja wetu, ambaye kwa kikosi cha watu sita alinunua miwani mbili za kuzuia kemikali na moja akaiweka kwenye kabati la kioo kwa ajili ya wageni. Alikuwapo wakili wa mkandarasi. Kyalo hakuitwa. Daftari liliitwa. Wakili akaisoma sentensi yangu kwa sauti, akanigeukia.

"Haya ndiyo maneno aliyoyasema mpigaji?"

"Kimsingi, ndiyo," nikasema.

Kimsingi! Ninyi vijana mnaogopa tindikali. Ogopeni neno hilo. Mtu asiyesoma akidanganya hudanganya tu. Msomi hudanganya kimsingi. Kwa neno hilo moja mkandarasi alitoka safi na lori lake lisilo na alama, meneja akatoka na miwani yake kabatini, nami nikatoka na kazi yangu. Ripoti ikasema utingo alitoa taarifa ya uongo. Hakuna mwenye lori aliyemchukua tena. Barabara nzima ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ilimjua: yule wa moto wa uongo.

Afande Riziki hakunisema mbele za watu. Siku yake ya kustaafu, tukila biriani, alininong'oneza: "Profesa, lile jambo. Siku likikushinda kulibeba, usiniletee mimi. Mpelekee mwenyewe." Afande ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na mimi nimeendelea kulibeba. Nilimwambia yule aliyenisaili kuwa naweza kubeba tasnifu. Sikujua kuwa naweza kubeba na jicho la mtu, nikala, nikalala, nikapandishwa cheo.

Nimestaafu kabla ya wakati kwa sababu ya kifua. Ningekufa nacho kisa hiki, nikijua kimelala kwenye faili. Lakini wakubwa wenu wamekitoa kwenye faili wakakitia kitabuni. Wanakwenda kukifundisha! Kila kundi la vijana litakaa darasani litaje makosa matatu ya Kyalo, nao watakwenda kazini wakiwa wamejifunza kitu kimoja: kwamba mtu akipiga simu akiwa na hofu, na Kiswahili chake hakifanani na chetu, anadanganya.

Basi wiki iliyopita niliandika kurasa hizi kwa mkono, nikapanda gari hadi Samburu, kule barabara kuu ya Nairobi nilikosikia Kyalo yuko, nikauliza fundi wa kuziba pancha mwenye jicho moja. Hakuna aliyehangaika kunielekeza. Nilimkuta amechuchumaa kwenye gurudumu la lori, analigonga kwa nyundo. Alinitazama kwa jicho la kulia kwa muda.

"Wewe ni yule wa mpira," akasema.

"Ndiyo. Na wa simu pia."

Nyundo ilisimama. "Wa simu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ile ya haujazimwa, haujazimwa?"

"Ni mimi, Kyalo."

Alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Leo umekuja na gari ya maji?"

"Nimekuja na karatasi."

"Hiyo ingine iliandikwa pia." Alinisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. "Soma."

Nikamsomea, wateja wake wawili wakisikiliza bila kujificha. Nilisoma mchanga na supu ya kome, akacheka kidogo. Nilisoma simu. Nilisoma dakika niliyongoja. Hapo alitazama barabarani, malori yakipita. Nilisoma "kimsingi." Nilipomaliza nikamwambia kwamba nakala moja naipeleka kwa mkuu wa mafunzo na nyingine kwa meneja mpya, na kwamba nimeomba daftari lile la zamani ili niandike pambizoni, kwa jina langu na sahihi, maneno aliyoyasema.

Hakunisamehe, na sikumwomba. Alinyoosha mkono kuelekea karatasi.

"Rudia hapo kwa simu."

Nikasoma: "Halo! Hiyo ni Zimamoto? Lori limeanguka hapa Mwabungo! Limebeba chokaa! Haijazimwa..."

"Ngoja." Alifuta mikono kwenye ovaroli. "Mimi nilisema limeanguka?"

Nikautafuta mstari kwa kidole.

"Nilisema imeanguka. Imebeba. Hata wewe ulinicheka." Aliinuka, akaishika nyundo yake. "Miaka yote hiyo, na bado unaniandikia yako."

Nilitoa kalamu pale pale juu ya ndoo, nikayakata maneno yangu. Ndiyo maana hapo juu mmesoma "imeanguka" na "imebeba." Mkuu wenu wa mafunzo ataona ni makosa, na mhariri wa kitabu atataka kuyasafisha. Mwambieni ayaache kama yalivyo. Na lile zoezi la makosa matatu lifuteni, muweke hili: sikilizeni simu, kisha andikeni alivyosema mtu.